Kabla ya kuitisha semina, uliza watu wanaogopa macho ya nani

Semina nyingi za usawa wa kijinsia hushindwa kwa namna moja. Ukumbi unajaa, mwezeshaji anauliza kama msichana ana haki ya kumaliza shule, mikono yote inapanda. Anauliza kama mume anaweza kumwogesha mtoto au kufua, watu wanacheka kidogo, kisha wanakubali. Inapigwa picha, inaandikwa ripoti kwamba uelewa umeongezeka. Mwaka unaofuata anayefua ni yule yule.

Waandaaji wana jibu la haraka: watu ni wanafiki, mila ni ngumu, tuongeze elimu. Mimi nadhani mara nyingi watu walisema kweli pale ukumbini. Semina ilizungumza na imani ya mtu mmoja mmoja, kumbe kinachomfunga ni kile anachodhani wenzake wanaamini. "Watu watasemaje?" huamua mengi katika maisha ya mwanamke: ataolewa lini, atatoka saa ngapi, atavaa nini, mapato yake yatashikwa na nani. Swali hilo halijibiki kwa kumwelimisha yeye peke yake.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Saudi Arabia. Mwaka 2018 watafiti waliwakusanya wanaume 500 waliooa mjini Riyadh, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, katika vikao vya watu 30 hivi wanaoishi eneo moja. Kila mmoja aliulizwa kwa siri kama anakubali wanawake waruhusiwe kufanya kazi nje ya nyumba. Takriban asilimia 87 walikubali. Wakaulizwa tena: unadhani wangapi kati ya wenzako humu ndani wamekubali? Karibu robo tatu walikisia pungufu. Nusu ya wanaume hao wakaambiwa hesabu halisi ya kikao chao, nusu hawakuambiwa kitu. Mwishoni kila mmoja alichagua: achukue vocha ya manunuzi, au amwandikishe mkewe bure kwenye huduma ya kutafutiwa kazi. Wasioambiwa hesabu, asilimia 23 waliandikisha wake zao. Walioambiwa, asilimia 32. Miezi michache baadaye, wake walioomba kazi za nje ya nyumba walikuwa asilimia 6 kwa wasioambiwa hesabu na 16 kwa walioambiwa.

Hakuna aliyehubiriwa. Walipewa namba tu. Tusichangamke kupita kiasi, lakini: idadi ya waliopata ajira yenyewe haikupanda kwa kiwango cha kuthibitishika. Mume akisharuhusu, bado kuna mwajiri.

Kaida imeundwa na nini

Ukiifungua kaida yoyote ya kijamii, yaani kanuni isiyoandikwa ambayo watu huifuata kwa kuangaliana, utakuta mambo manne. La kwanza ni kile ninachoona wengine wanafanya. La pili ni kile ninachodhani wao wanakiona kuwa ni sahihi kwangu. La tatu ni malipo: nitakachopata nikifuata, kama sifa na heshima, na kitakachonipata nikikiuka, kama umbea, kejeli, kutengwa, kipigo, kukosa mchumba. La nne ni macho ya nani.

Hilo la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye faida kubwa kwa mtu anayetaka kufanya kazi. Si kila mtu ana sauti katika kila jambo. Kwa mke mchanga anayetaka kupanga uzazi, macho yanayoogopwa huweza kuwa ya mama mkwe na mawifi, wala si ya mume. Kwa mwanamume anayetaka kumbeba mtoto mgongoni hadharani, ni macho ya wanaume wa rika lake. Kwa baba anayefikiria kumwachisha binti shule, huenda ni kaka yake mkubwa. Ukiwaalika wake wachanga mara kumi na mama wakwe hawajaitwa hata mara moja, umewafundisha wasio na uamuzi na kuwaacha waamuzi nyumbani.

Wala si kila tabia ni kaida. Kuna kipimo cha maswali mawili: kama wenzako wote wangeacha, nawe ungeacha? Na kama leo ungeacha bila mtu yeyote kujua, ungeacha? Anayejibu kwamba ataendelea hata akibaki peke yake ana imani, ya dini au ya maadili au ya afya, na hiyo hujadiliwa kwa hoja na kwa watu anaowaamini. Anayejibu kwamba wakiacha ataacha, huyo ameshikwa na kaida. Yupo na wa tatu, anayesema angeacha hata leo ila hana uwezo: maji yako mbali, hakuna pa kumwacha mtoto, ardhi imeandikwa jina la shemeji. Huyo hahitaji semina ya aina yoyote. Anahitaji bomba, kituo cha kulelea watoto, au sheria ya mirathi inayotekelezwa. Fedha nyingi hupotea kwa kumpa mtu wa tatu dawa ya mtu wa kwanza.

Namna ya kuuliza

Kuuliza "je, unaunga mkono elimu ya wasichana?" ni kupoteza karatasi, kwa kuwa kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Njia inayofaa ni kisa kifupi cha kubuni, sentensi tatu hadi sita, kuhusu mtu anayefanana na wasikilizaji. Kwa mfano: "Rehema na mumewe wote hurudi kazini jioni. Wiki hii mume ameanza kupika na kumwogesha mtoto ili Rehema apumzike. Leo majirani wawili wamepita wakamkuta anaosha vyombo nje."

Kisha maswali, kwa mpangilio huu. Hapa mnapoishi, kati ya waume kumi, wangapi hufanya hivyo? Majirani wale watasema nini, na watamwambia nani? Rehema ataonekana mke wa namna gani? Mume akishayasikia maneno hayo, kesho atafanya nini? Na ni katika hali gani watu wangemwelewa?

Usiliruke swali la mwisho hata muda ukiwa mfupi. Watu watasema: mke akiwa mgonjwa, akiwa amejifungua, wakiwa ugenini wasikojulikana. Majibu hayo yanakuonyesha mahali ambapo kaida tayari imelegea. Ikiwa baba anaruhusiwa kupika siku arobaini za uzazi bila kuchekwa, basi upishi wenyewe haumvunjii mtu heshima. Anachohitaji ni sababu inayokubalika, na sababu inaweza kupanuliwa: kutoka mke aliyejifungua hadi mke anayenyonyesha, kutoka anayenyonyesha hadi anayefanya kazi usiku.

Vikundi viwe vya watu 6 hadi 10, wa jinsia moja na rika linalokaribiana, kwa dakika 60 hadi 90. Wake wachanga wasikae na mama wakwe, wala vijana na baba zao. Kiongozi wa eneo apokewe kwa heshima zote na aandaliwe kiti mahali pengine, maana akikaa ndani utapata maoni yake yakirudiwa kwa sauti kumi. Fanya angalau vikundi viwili kwa kila aina ya watu. Vikipingana, ongeza cha tatu kabla ya kuandika chochote. Na jina la kwenye kisa lisiwe la mtu yeyote anayejulikana hapo, kwa sababu likiwa la mtu halisi mazungumzo yatageuka kikao cha kumsema.

Baada ya mazungumzo, piga kura ya siri. Kila mtu apewe kokoto mbili, nyeupe na nyeusi. Nyeupe maana yake "naona ni sawa", nyeusi "naona si sawa". Nyuma ya pazia adumbukize moja katika mfuko wa kura, na nyingine katika mfuko wa mabaki, ili asitoke na kokoto mkononi. Kabla mfuko haujafunguliwa, kila mmoja amnong'oneze msaidizi makisio yake: kati ya kumi waliomo humu, wangapi wameweka nyeupe? Sasa una vitu viwili, kura na makisio, na unachotafuta ni pengo kati yao. Kura 8 na makisio ya wastani 3 ni habari njema kupindukia. Kura 3 na makisio 3 ni kazi ya miaka.

Mambo yanayoharibu zoezi hili yanajulikana. Makisio yakitajwa kwa sauti, wa kwanza anawavuta wote. Ukiuliza kuhusu "jamii" badala ya watu kumi waliomo ndani, kila mtu anawaza jamii yake na namba hazilingani. Ukichanganya "naona ni sawa" na "mimi ningefanya", hutajua kura imepima nini. Mwezeshaji anayetikisa kichwa kwa kuridhika akisikia jibu zuri ameshawaambia wote jibu la kutoa.

Namba hutangazwa lini

Pengo likiwa kubwa na kura nyingi ziko upande wa mabadiliko, zitangaze pale pale, kwa watu wale wale waliozipiga. Zina nguvu kwa kuwa ni zao. Namba ya taifa zima haimsaidii mwanamume anayewaogopa majirani wanne.

Kura zikiwa chache, nyamaza. Kutangaza kwamba watatu tu kati ya kumi wanaafiki ni kuwahakikishia wapinzani kwamba wao ndio wengi. Kampeni nyingi hujikwaa hapa kwa nia njema: mabango yanayopiga kelele kwamba wasichana wengi wanaolewa wakiwa wadogo, kwamba wanawake wengi wanapigwa. Anayeyatunga anataka kushtua. Anayeyasoma anaelewa kwamba kumbe ndivyo wengi wanavyoishi, na ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Jambo hili lilipimwa mahali pasipohusu jinsia kabisa, katika hifadhi ya taifa ya Petrified Forest huko Arizona, ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Penye kibao kilichosema kwamba wageni wengi waliopita wamechukua, karibu asilimia 8 ya vipande vilivyowekwa kwa jaribio viliibwa. Penye kibao kilichowaomba tu wasichukue, chini ya asilimia 2.

Anayetangulia anapoumia kweli

Kuna kaida ambazo kuujua ukweli hakutoshi. Wote wanaweza kuwa wamechoka nazo, wote wakajuana kwamba wamechoka, na bado hakuna anayeacha, kwa sababu wa kwanza kuacha atalipa gharama halisi. Ndoa ndiyo huziunda nyingi kati ya hizi.

Nchini China, kwa karne kadhaa wasichana walifungwa miguu wakiwa na umri wa miaka mitano hadi minane hivi, vidole vikikunjwa chini ya unyayo, ili mguu ubaki mdogo wa takriban sentimita 10. Waliofunga walikuwa mama zao, na walifanya hivyo kwa kuwapenda: binti mwenye miguu mizima hakutafutwa na mchumba wa maana. Watawala wa nasaba ya Qing walipiga marufuku katika karne ya 17 na wakashindwa. Kilichofaulu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 kilikuwa vyama vya familia zilizoapa mambo mawili kwa pamoja: hatutawafunga binti zetu miguu, na hatutawaoza wana wetu kwa wasichana waliofungwa. Kiapo cha kwanza bila cha pili ni kumtoa binti sadaka. Cha pili kinamtengenezea wachumba. Katika wilaya ya Dingxian, karibu asilimia 99 ya wanawake waliozaliwa kabla ya 1890 walikuwa wamefungwa miguu. Miongoni mwa waliozaliwa baada ya 1919, hakuna. Desturi ya karne nyingi ilikwisha ndani ya kizazi kimoja.

Mwanasayansi wa siasa Gerry Mackie alieleza utaratibu huu mwaka 1996 na kusema kwamba ukeketaji umefungwa kwa fundo hilo hilo. Mwaka uliofuata kijiji cha Malicounda Bambara nchini Senegali kikatangaza hadharani kuacha ukeketaji, baada ya mafunzo marefu ya shirika la Tostan. Imamu mmoja wa eneo hilo, Demba Diawara, ndiye aliyeona kasoro: kijiji kimoja hakiwezi kuacha peke yake, kwa sababu watu huoana na vijiji jirani. Akazunguka kwa ndugu na wakwe kijiji kwa kijiji, na mwaka 1998 vijiji 13 vikatangaza pamoja huko Diabougou.

Kwa anayetaka kufanya kazi ya namna hii, hatua ya kwanza basi ni kuchora ramani ya ndoa. Zungukia kaya 20 hadi 30, uliza wake walioingia na binti waliotoka miaka kumi iliyopita walitoka na kwenda wapi. Maeneo yanayojirudia ndiyo yanayopaswa kuapa pamoja. Hatua hii inachosha na haina picha za kuvutia, ndiyo maana hurukwa, na tamko la kijiji kimoja hufa pale posa ya kwanza inapokataliwa. Kosa la pili ni tamko la wazee tu, linalosomwa mbele ya wafadhili huku mangariba na bibi wakiwa hawajaulizwa. Matokeo yake ni kuendelea kwa siri, au kuwakeketa watoto wakiwa wadogo zaidi, wasioweza kusema. Hata Senegali tathmini za baadaye zilionyesha kwamba si kila familia iliyotangaza iliacha. Tamko huwapa walio tayari kinga. Hao wengine wanahitaji kufuatiliwa nyumba kwa nyumba.

Sheria inaposaidia

Norway ilikuwa na likizo ya uzazi ambayo wazazi wangeweza kugawana, na akina baba karibu hawakuichukua: asilimia 3 hivi. Mwaka 1993 serikali ikatenga wiki nne za baba peke yake, asipozichukua zinapotea. Mara moja asilimia 35 wakachukua, na kufikia 2006 walikuwa 70. Likizo ya kugawana ilimlazimu kila baba kumwomba bosi jambo ambalo wenzake hawaombi. Wiki zilizotengwa zilimwondolea ombi hilo na kumpa sababu ya kusema. Watafiti waliofuatilia walikuta pia kwamba mwanamume ambaye kaka yake, au mwenzake kazini, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua, naye alichukua kwa wingi zaidi, kwa pointi za asilimia 15 kwa ndugu na 11 kwa wenzake kazini. Ni yale yale macho ya nani.

India nayo inatufundisha kuhusu muda. Marekebisho ya katiba ya 1993 yalitenga theluthi ya nafasi za uongozi wa vijiji kwa wanawake, na huko West Bengal vijiji viliteuliwa kwa bahati nasibu, hivyo kulinganisha ni rahisi. Baada ya muhula mmoja, wanakijiji bado waliwapa viongozi wanawake alama duni kuliko wanaume, ingawa kazi yao haikuwa duni. Katika vijiji vilivyokuwa vimepata mwanamke kwa mihula miwili, pengo la ndoto za wazazi kwa binti na kwa wana lilipungua, na lile la vijana wenyewe lilipungua kwa karibu theluthi. Wasichana pia walitumia muda mchache zaidi kwa kazi za nyumbani. Anayefanya tathmini baada ya mwaka mmoja ataandika kwamba mpango umefeli.

Haya yote hayagusi tabaka la chini kabisa, lile la namna jicho letu linavyomwona msichana na mvulana. Mwaka 2000 watafiti waliwaomba akina mama wa watoto wa miezi 11 wakadirie mtoto wao ataweza kutambaa kushuka mteremko mkali kiasi gani. Mama wa wavulana walikadiria kupita uwezo, mama wa wasichana chini ya uwezo. Watoto wenyewe, walipojaribiwa, hawakutofautiana. Hapo hakuna jirani wa kuogopwa wala mchumba wa kukosa, na sijui semina ya kuliondoa hilo. Kuna cha kufanya kidogo tu: kabla ya kumzuia au kumsukuma mtoto, mpime kwanza.

Kupima kama kitu kimesogea

Usirudi na dodoso la mitazamo. Rudi na shajara ya muda. Shirika la Kazi Duniani lilipokusanya takwimu za nchi 64 mwaka 2018, wanawake walitumia saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizolipwa, wanaume saa 1 na dakika 23. Takwimu za namna hii hutokana na swali kuhusu jana. Ukiuliza "kwa kawaida hufanya nini", mume atakumbuka ile Jumapili aliyopika.

Gawa saa 24 za jana katika vipande vya dakika 15 au 30, na kwa kila kipande andika shughuli kuu na nyingine iliyokuwa ikifanyika pamoja nayo. Bila safu hiyo ya pili utapoteza sehemu kubwa ya malezi, kwa sababu hufanyika mtoto akiwa miguuni na sufuria jikoni. Ongeza safu ya tatu, nani alikumbuka: nani aliyejua kwamba dawa zimekwisha, chanjo ni kesho, sare imechanika. Kazi hiyo ya kukumbuka haina saa inayoonekana na ndiyo inayobaki kwa mke hata mume akianza kupika. Mume na mke waulizwe kila mmoja peke yake, siku ya kazi moja na ya mapumziko moja.

Pia watafute wawili watatu waliotangulia kuivunja kaida, na uwaulize waliambiwa nini, na nani, na kama bado wanaambiwa. Ikiwa bado wanachekwa, rudia kura ya kokoto na watu wale wale kabla ya kupanga shughuli nyingine yoyote.